GIA BOKSI ISIHUKUMIWE KABLA YA KUPIMWA

Magari ya otomatiki yaliyokwisha kutumika Japani sasa ni ya kawaida katika mitaa ya Mafiga, Kihonda na Msamvu. Kwa dereva wa teksi au mstaafu aliyetumia kiinua mgongo chake kulinunua, gari hilo ndilo shamba lake.

Siku linapoanza kusumbua gia, mara nyingi jibu la gereji hutolewa upesi: "Gia boksi imekufa, lete nyingine." Mwenye gari hupanda basi kwenda Dar es Salaam, akatafuta gia boksi kuukuu Ilala au Kariakoo, akatoa akiba ya ada za watoto, na pengine akanunua ugonjwa ule ule kwa bei kubwa. Leo napenda tuzungumze juu ya kupima kabla ya kuhukumu.

Kwanza tukielewe chombo chenyewe. Gia za otomatiki si jambo jipya. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza magari yenye gia za Hydra-Matic mwaka 1939. Katika gari la gia za mkono, mguu wa dereva ndio unaotenganisha enjini na gia boksi. Katika otomatiki, kazi hiyo hufanywa na oili. Pampu inayozungushwa na enjini husukuma oili, nayo oili hubana pleti za klachi ndani, gari likaondoka. Ndiyo maana otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa: enjini ikizimika, pampu nayo imelala. Ndiyo maana pia ni hatari kulivuta kwa kamba safari ndefu, kwani gia boksi huzunguka bila kulainishwa.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni oili. Toyota nyingi za zamani zina kijiti cha kuipimia. Gari liendeshwe hadi lipate moto, lisimamishwe mahali tambarare huku enjini ikiunguruma, mkono wa gia upitishwe polepole katika gia zote na kurudishwa kwenye P, ndipo kijiti kisomwe penye alama ya HOT. Honda huagiza kupima enjini ikiwa imezimwa, basi kitabu cha gari kisomwe. Oili ikipungua, gari huchelewa kuondoka. Nayo haipungui bila kuvuja, kwa hiyo kuongeza tu bila kutafuta panapovuja si tiba.

Idondoshwe kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu angavu ni njema. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, pleti zimeanza kuungua. Ikiwa ya waridi kama iliyochanganywa na maziwa, maji ya rejeta yameingia, kwa kuwa katika magari mengi oili hiyo hupozwa ndani ya rejeta. Gari la namna hiyo lisiendeshwe tena hata kidogo.

Kipimo cha pili ni cha barabarani. Enjini ikinguruma sana na mwendo usiongezeke, klachi zinateleza. Ikiwa oili imetimia na bado zinateleza, hapo kweli kuna kazi kubwa. Lakini gari likiruka kwa kishindo wakati wa kubadili gia, kwanza zitazamwe mauntini za enjini, na katika magari ya zamani itazamwe kebo inayotoka kwenye mtambo wa mafuta kwenda gia boksi. Kebo ikilegea, gia hubadilika kwa wakati usio wake. Kuirekebisha si kazi ya kushusha gia boksi.

Kipimo cha tatu ni umeme. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 zenye gia zinazoongozwa na kompyuta, fundi huunganisha kwa waya mfupi TE1 na E1 katika kiboksi kilichomo chini ya boneti, huku swichi ikiwa imefunguliwa na enjini imezimwa. Taa ya O/D OFF hupepesa hesabu. 62 au 63 humaanisha kasoro katika solenoidi au nyaya zake. Mara nyingi solenoidi hubadilishwa kwa kufungua sampo tu. Magari mapya zaidi hupimwa kwa mashine ya kusomea kompyuta.

Wapo wasemao kwamba gari la zamani likibadilishwa oili ya gia boksi, hufa. Ukweli ni kwamba wengi hubadilisha wakati klachi zimekwisha kuungua, kisha oili mpya ikasingiziwa. Gia boksi ambayo bado inafanya kazi vizuri imwagwe oili na kujazwa ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji. Isisafishwe kwa mashine ya shinikizo, na isiwekwe oili yoyote ili mradi ni nyekundu.

Sisi wa Morogoro tuna sababu ya ziada ya kujali. Gari lenye mzigo linalopanda kutoka Sangasanga kwenda Langali huchemsha oili, na joto ndilo adui mkubwa wa gia boksi. Wakati wa kupanda na kushuka tutumie 2 au L. Na wakati wa kushuka breki nazo zitapona.

Ndugu wasikilizaji, lawama yote tusiwabebeshe mafundi. Wengi wetu tunakubali kulipia kipuri lakini tunakataa kulipia kipimo, eti fundi "ametazama tu". Asiyelipwa kwa kutazama atakisia, na gharama ya kukisia ni yetu. Tumlipe fundi kwa kupima, nasi tumdai atuonyeshe kitambaa chenye oili na hesabu za taa zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi. Baada ya hapo, akisema gia boksi imekufa, tutakuwa na sababu ya kumwamini.