Mwache Kambare wa Mvua ya Kwanza

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Mkomani, Lamu

Sisi watu wa Mkomani tumelelewa na bahari. Kwetu samaki ni changu, tafi na nguru, na mtu akitutajia samaki wa ziwa twacheka kidogo na kumuuliza kama samaki huyo amewahi kuonja chumvi. Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilisomea ualimu, kisha nikapata kazi ya ukarani katika ofisi ya kilimo, na kazi hiyo ndiyo iliyonivusha maji mara kwa mara kwenda bara. Huko nilijifunza habari za kambare, na habari hizo nataka kuwaeleza ninyi wakulima wa skimu, kwa sababu zawahusu ninyi kuliko zinavyonihusu mimi.

ZIWA LENYEWE

Kutoka Mkomani mtu hupanda mashua hadi Mokowe, kisha hushika njia ya gari kupita Hindi mpaka Mpeketoni. Hapo pana Ziwa Kenyatta, ziwa la maji baridi ambalo limeipa jina skimu iliyoanzishwa katika miaka ya 1970, watu wasio na ardhi walipopewa mashamba. Wakulima wa hapo hulima mahindi, pamba, simsim, korosho na maembe, na wengi wao pia huvua, au hununua kitoweo kwa wanaovua.

Ziwa hili halina kina kirefu, wala halina mto mkubwa wa kulilisha. Hutegemea mvua na maji yanayotiririka kutoka misituni na mashambani. Mvua ikikosekana, ziwa hurudi nyuma upesi. Katika ukame wa mwaka 2016 hadi 2017 lilikauka, na viboko wakafa matopeni mbele ya macho ya watu. Aliyeona siku zile hahitaji kufundishwa kwamba ziwa ni mali inayoweza kwisha.

KOSA NILILOFANYA

Miaka michache baada ya ukame huo nilikwenda Mpeketoni kuandika majina ya wakulima waliotaka mbegu. Ulikuwa mwezi wa Aprili, na nililala kwa mzee mmoja mwenye shamba karibu na ziwa. Usiku huo mvua kubwa ya kwanza ilinyesha. Kabla ya alfajiri nilisikia vijana wakipita mbio na tochi, mapanga na vikapu, wakiitana kama watu waendao harusini.

Asubuhi nilimkuta mama mmoja njiani akiuza kambare. Walikuwa wanene ajabu, matumbo yamejaa, na bei ilikuwa rahisi kuliko nilivyopata kuona. Nikanunua watatu, nikarudi kwa mwenyeji wangu nikijisifu. Mzee akachukua kisu, akawapasua. Mayai yakamwagika, yakajaza karai nusu. Mbwa wakaja.

Mzee akaniuliza, "Bwana Karani, unajua umenunua nini?"

Nikamjibu, "Nimenunua kitoweo, Mzee."

Akasema, "Umenunua samaki wa mwaka ujao, tena kwa bei ya kutupa. Hebu niambie. Ukija kwangu mwezi wa Machi ukakuta debe langu la mbegu, ukalisaga, ukasonga ugali, utashiba siku ngapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Mimi niliyekuwa nimekuja kuandika habari za mbegu nilikuwa nimeketi nikila mbegu.

KAMBARE HUZAAJE?

Baada ya siku ile niliuliza wavuvi na maofisa, nikasoma pia. Mambo yenyewe ni haya.

Wakati wa kiangazi kambare hukaa katika maji yaliyobaki na katika matope. Ana kiungo maalumu karibu na matamvua yake kimwezeshacho kuvuta hewa, ndiyo maana huweza kuishi mahali ambapo samaki wengine hufa. Jike huanza kutengeneza mayai mapema, akingojea maji. Mvua kubwa inaponyesha na maji yakafunika nyasi za ukingoni, kambare hutoka usiku, majike na madume, wakaingia katika maji mafupi yasiyofika magotini. Hapo ndipo wanapotaga. Mayai hunata kwenye nyasi na mizizi. Jike wa kilo moja aweza kubeba mayai makumi ya maelfu.

Wakiisha kutaga, wazazi hurudi ziwani. Hawayalindi mayai. Katika maji yenye joto kama yetu, mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na vifaranga hujificha katika zile nyasi, wakila vidudu vidogo vya majini mpaka wapate nguvu.

Tilapia, ambaye wengine humwita perege au ngege, ana desturi nyingine. Mama yake huyachukua mayai kinywani, na hata vifaranga wakitishwa hukimbilia kinywani mwake. Hutoa mayai machache, lakini huyatunza, naye huweza kuzaa mara kadhaa kwa mwaka. Kambare huweka tumaini lake lote katika wingi wa mayai na katika zile siku chache za maji mapya. Akikamatwa usiku huo, mwaka wake umekwisha.

Tena kumkamata ni rahisi mno. Maji ni mafupi, samaki ni wengi mahali pamoja, na mawazo yao yako kwingine. Mtoto mwenye panga aweza kuua samaki kumi. Mtu akitega migono katika mfereji ambao samaki hupitia, hukamata karibu wote wanaopanda. Urahisi huo ndio unaotudanganya. Twadhani ziwa limetupa zawadi, kumbe limefungua ghala lake la mbegu.

WALIOTUTANGULIA KULIONA JAMBO HILI

Wako watu wa mbali waliokwisha kuonja uchungu huu. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, kuna ziwa kubwa la maji baridi liitwalo Red Lake. Samaki wake mashuhuri huitwa walleye. Macho yake ni makubwa, hung'aa gizani yakimulikwa, naye huona vizuri usiku na katika maji yasiyo safi. Wakati wa baridi kali, uso wa ziwa huganda ukawa barafu. Barafu ikiyeyuka katika majira ya kuchipua, walleye husogea usiku katika maji mafupi yenye changarawe, hutaga, kisha huyaacha mayai bila mlinzi. Kuyeyuka kwa barafu kwao ni kama mvua ya kwanza kwetu.

Watu wa huko walivua kupita kiasi, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 walleye walikuwa karibu kwisha. Mwaka 1997 wenyeji wa asili wa mahali hapo, Waojibwe, ambao uvuvi ulikuwa riziki yao, waliamua wenyewe kusimamisha uvuvi wa biashara. Mwaka 1999 uvuvi wa walleye ulifungwa katika ziwa lote, vifaranga wakatiwa majini, na watu wakangoja. Haukufunguliwa tena mpaka mwaka 2006. Samaki walikuwa wamerudi, lakini fikirini miaka hiyo yote ya kungoja! Kungoja majuma machache kila mwaka ni nafuu kubwa.

Hata karibu nasi jambo hili si geni. Upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili dagaa hao wazae. Ziwa Naivasha lilifungwa mwaka 2001 samaki walipopungua sana. Na mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti.

MANENO YA MWENYE NJAA

Najua yatakayosemwa. Mkulima ataniambia, "Karani, wewe wapata mshahara. Mwezi wa Aprili ghala langu ni tupu, mahindi mapya bado hayajachipua, na watoto wanalia. Mungu ameniletea samaki mpaka mpakani mwa shamba langu, nawe waniambia nimwache?"

Neno hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa hotuba. Hulijibu mkulima mwenyewe mapema, kwa kujiwekea akiba. Mwezi wa Februari ziwa linapopungua, kambare wakubwa hupatikana, na bado siku za kutaga hazijafika. Kambare akipasuliwa, akatiwa chumvi, akabanikwa taratibu kwa moshi mpaka akauke, hukaa majuma kadhaa akitunzwa mahali pakavu penye hewa. Tena mkulima apandaye kunde mara tu mvua inapoanza hupata majani ya mboga baada ya majuma matatu hivi. Samaki mkavu na mboga ya kunde vitamvusha mtu siku zile ngumu, na tilapia wakubwa wa maji marefu bado wapo kwa mwenye wavu halali.

Mwingine atasema, "Nisipomvua mimi, atamvua jirani." Hili nalo ni kweli, ndiyo sababu mtu mmoja peke yake hawezi kulitengeneza. Sheria ya Kenya inavitambua vikundi vya usimamizi wa ufuo, ambavyo wavuvi na wachuuzi wa samaki ni wanachama wake, na vikundi hivyo vyaweza kujiwekea kanuni. Wanaovua wakikubaliana pamoja, yule anayekwenda usiku na panga ataonekana na wote.

NYASI ZA UKINGONI

Liko jambo moja ambalo mvuvi hawezi kulifanya, ila mkulima. Zile nyasi ambazo kambare hutagia ziko ukingoni mwa mashamba. Maji yakipungua, udongo wa ukingoni huwa mweusi na mzuri, na jembe hutamani kuufuata. Mkulima husogeza mahindi yake hatua kumi mwaka huu, hatua kumi mwaka ujao. Mvua ikija hakuna nyasi. Mayai hayana mahali pa kushika, na udongo uliolimwa huporomoka ukaingia ziwani, ziwa likazidi kupungua kina.

Kumbukeni pia kwamba visima viwapavyo watu maji ya kunywa vimechimbwa karibu na ziwa hilo hilo. Udongo unaoingia ziwani ni udongo uliotoka shambani mwako, pamoja na mbolea uliyoinunua kwa fedha yako. Basi ukanda wa nyasi ukingoni huwafaa watatu: samaki, mnywaji maji, na mwenye shamba.

YANAYOFAA KUFANYWA

1. Mvua kubwa za kwanza zinapofurika, yaache maji mafupi ya ukingoni kwa muda wa majuma mawili hivi. Asiingie mtu na panga, wala asitege migono mferejini.

2. Siku hizo vua katika maji marefu, kwa ndoana au kwa wavu wenye macho makubwa. Juya na chandarua visitumike wakati wowote. Chandarua ni cha kumkinga mtoto na mbu, na kikikokotwa ziwani huua vifaranga wasiofaa hata kuliwa.

3. Usinunue kambare mwenye mayai siku za mvua ya kwanza. Asipopata mnunuzi, mvuaji atalala kwake.

4. Usilime mpaka kwenye maji. Acha ukanda wa nyasi, na kabla ya kufyeka ukingoni uliza ofisi ya kilimo mpaka halali uko wapi.

5. Mvua zikiisha, vifaranga wengi hunaswa katika madimbwi yanayokauka. Waokoeni kwa ndoo mkawarudishe ziwani. Kazi hii yafaa sana watoto wa shule wakiwa pamoja na mwalimu wao, mchana.

6. Usiku wa mvua viboko hutoka kula nyasi ukingoni. Mtu aliyeinama majini akitafuta kambare gizani hamwoni kiboko anayekuja nyuma yake. Hata kama hujali samaki, jali roho yako.

Mwaka jana mwezi wa Aprili nililala tena kwa yule mzee. Mvua ilinyesha usiku, nami nikatega sikio. Vijana wengine bado walipita na tochi zao, lakini wachache kuliko zamani. Asubuhi mzee alinipeleka ukingoni mwa shamba lake, mahali ambapo alikuwa ameacha nyasi zisimame. Aliinama, akang'oa jani moja lililokuwa majini, akanipa. Lilikuwa limejaa chembe ndogo za kijani kama uwele.

Nikamwuliza, "Wangapi watapona, Mzee?"

Akasema, "Wachache sana, kama mbegu zote. Ndiyo sababu hupandwa nyingi." Kisha akalirudisha jani majini polepole, tukaenda kunywa chai kwa mihogo.

Wakulima wenzangu, debe la mbegu halisagwi hata kama njaa imebisha hodi. Kambare wa mvua ya kwanza ni debe hilo. Akiba haiozi.