Je, Wajua? Mabaharia waliosubiri miaka 43

Mabaharia wa meli za biashara za Marekani ndio waliovusha mafuta, mabomu na vyakula katika Vita vya Pili vya Dunia. Nyambizi za Ujerumani ziliwawinda kote Atlantiki, na kwenye njia ya kuelekea Murmansk, bandari ya kaskazini mwa Urusi, baridi ya maji iliwamaliza hata walionusurika mlipuko. Inakadiriwa kuwa baharia mmoja kati ya 26 alikufa.

Juni 1944 Rais Roosevelt alitia saini sheria ya mafao ya askari: ada za masomo, mikopo ya nyumba. Alitumaini Bunge lingewafikiria mabaharia nao. Halikuwafikiria. Walikuwa raia tu, ikasemwa, na tena wanalipwa vizuri (kana kwamba torpedo huuliza mshahara kwanza).

Walikwenda mahakamani, wakashinda 1987, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa maveterani. Wengi walishapita miaka 60. Mkopo wa nyumba wa nini tena? Miswada ya kuwalipa fidia ya dola 25,000 kila mmoja ililetwa bungeni, haikupita. Mwaka 2020 ikapitishwa sheria ya kuwatunuku nishani ya dhahabu ya Bunge. Moja, kwa wote.