Yadi sita na mkasi wa mshonaji

Tuanze na jambo lililotokea Likasi, wiki mbili mbele ya Noeli. Kwa mshonaji mmoja wa mtaa, chini ya baraza la bati, watu walikuwa wamejaa sawa vile kila mwisho wa mwaka. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikingojea libaya yangu, ambayo nilikuwa nimeahidiwa kwa siku ya Kwanza, na siku ile ilikuwa tayari ya Ine. Wenye kuzoea washonaji hawatashangaa.

Akaingia binti wa miaka 18 hivi. Mkononi alikuwa na kikwembe kilichokunjwa vizuri, yadi sita kamili, buluu na manjano. Mkono mwingine ulishika simu, na ndani ya simu picha ya modeli aliyoitaka: robe ndefu mpaka chini, mikono mipana iliyojaa kama puto, na pindo tatu kubwa zinazoshuka mgongoni. Ndoa ya rafiki yake ilikuwa ya wiki ile ile.

Mshonaji, mama wa miaka 60 na zaidi, alikikunjua kitambaa juu ya meza, akakigeuza nyuma, akakinusa. Kilinuka nafutalini, kama vitu vyote vinavyokaa miaka ndani ya sanduku.

"Hiki kikwembe ni cha nani?"

"Ni cha mama."

"Na mama anajua kama unaya nacho hapa?"

Binti akanyamaza, akaangalia simu yake.

"Basi mi sikate," mshonaji akasema. "Ile modele itakula yadi zote sita. Mwaka wenye unakuya haitakuwa tena mode, na kikwembe kitakuwa kimekufa. Wende uite mama yako kwanza."

Binti akatoka na hasira. Wamama wawili waliokuwa pale walicheka, lakini mimi sikucheka, kwa sababu nami niliwahi kukatisha kitambaa cha namna hiyo. Ilikuwa modeli ya mabega yaliyowekwa sponji, makubwa kama ya mchezaji wa mpira wa Marekani. Niliivaa mara nne. Kiisha mode ikapita, na vipande vyake leo vinafuta vioo vya nyumba.

Hapo ndipo ilipo hesabu ambayo wabinti wengi hawafanyi. Yadi sita ni mita tano na nusu hivi. Kwa desturi yetu zinagawanyika mara tatu, yadi mbili mbili: kipande cha kwanza kinashonwa libaya, cha pili kinafungwa kiunoni, cha tatu kinafungwa juu yake, ao kinawekwa begani, ao kinambeba mtoto mgongoni. Angalieni vizuri: katika vipande vitatu, kimoja tu kinapita chini ya mkasi. Viwili vinabaki vizima. Libaya ikichakaa, ao mwili ukinenepa, vikwembe viwili vinangojea libaya nyingine, hata ya kitambaa kingine. Mode ya libaya inaweza kubadilika kila mwaka, shingo ya mviringo, shingo ya mraba, mikono mifupi, mikono mirefu, na hasara ni ya yadi mbili tu.

Na kitambaa kizima ni pesa. Ndiyo maana kiko kwenye orodha ya mahari, ndiyo maana mama mkwe anakihesabu. Katika miji yetu ya migodi, kila mtu aliyeishi miaka ile mishahara ilipokawia mwezi juu ya mwezi anajua vikwembe vilikwenda wapi. Vilitoka ndani ya sanduku kimoja kimoja, vikageuka unga. Kikwembe kilichoshonwa robe hakikupata mnunuzi. Kile chenye kukunjwa, na karatasi yake bado juu yake, kilipata.

SHABA NDANI YA KITAMBAA

Wengi hawajui kama nguo hii ina shaba katika kuzaliwa kwake. Wax ilianza kwa kuiga batiki ya Java, ambapo watu walichora kitambaa kwa nta iliyoyeyushwa. Karne ya 19 Wazungu wakatafuta namna ya kufanya kazi ile kwa mashine. Kampuni ya Vlisco, ya Helmond kule Uholanzi, ilianzishwa mwaka 1846, na ingali inachapa mpaka leo. Wafanyabiashara walipopeleka vitambaa hivyo kwenye pwani ya Ghana ya leo, katika miaka ya 1890, wanawake wa pale walivipenda, na toka hapo vikaenea Afrika ya Magharibi na ya Kati.

Kazi inakwenda hivi. Pamba nyeupe inapita katikati ya silinda mbili za shaba zilizochongwa mapambo. Silinda hazitii rangi, zinatia utomvu wa moto, upande wa mbele na upande wa nyuma kwa wakati mmoja. Kiisha kitambaa kinaingizwa ndani ya rangi ya buluu ya indigo. Pale penye utomvu rangi haishiki. Utomvu ukikauka unavunjika-vunjika, na rangi inapenya katika nyufa zake: hiyo njo mishipa midogo tunayoiona ndani ya wax, sawa mishipa ya jani. Hakuna mita mbili zinazofanana kabisa. Baadaye utomvu unasafishwa na rangi nyingine zinaongezwa.

Kwa hiyo, mama, ukiwa sokoni, geuza kitambaa. Wax ya kweli inakaribia kuwa sawa mbele na nyuma. Ile iliyochapwa upande mmoja, nyuma yake imepauka, bei yake pia inapaswa kupauka. Usitegemee maandishi ya pembeni tu, kwa sababu wenye kuiga wanaiga na maandishi. Siseme kwamba vitambaa vya bei ndogo, vya kutoka China ao vya kupitia Kasumbalesa, havifai. Kwa kazi za nyumbani na kwa kushona modeli za mwaka mmoja vinafaa sana. Ndivyo ningemshauri yule binti: kama unataka mikono ya puto, nunua kitambaa cha bei ndogo na uifurahie puto yako.

Na majina? Kiwanda kinatoa namba tu. Majina yanapewa na wanawake wenye kuuza na wenye kuvaa: "Six bougies," "Tu sors, je sors," "L'œil de ma rivale." Mwanamke anaweza kumwambia bwana wake jambo zima bila kufungua kinywa, kwa kupita tu mbele yake na kikwembe.

MAMA NA BINTI

Ugomvi wa mama na binti juu ya nguo haukuanza jana. Toka mwanzo wa miaka ya 1970, wakati wa siasa ya "Authenticité" ya Mobutu, wanaume waliacha kravati wakavaa abacost, na wanawake walikatazwa pantalo, jipe fupi na nywele za bandia. Kikwembe kikawa nguo ya sheria. Tarehe 24 mwezi wa ine 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, kravati ziliruhusiwa tena. Kwa wanawake pia kamba ililegea, na pantalo zikarudi barabarani. Wabinti wa wakati ule walikimbia kikwembe kama mtu anavyokimbia uniforme ya shule siku ya mwisho ya masomo. Waliona ni nguo ya wamama wazee.

Leo watoto wa wabinti wale wale wanakirudia. Wanakishona vesti, pantalo, hata mifuko na viatu. Mimi nafurahi kuona hivyo, ijapokuwa pantalo zingine naona zimebana kuliko pumzi ya mwenye kuivaa.

Lakini picha zinazowaongoza zinatoka mbali, na hapo kuna kosa la majira. Mwezi wa sita, Paris iko katika joto, picha zinaonyesha mikono wazi na vitambaa vyepesi. Mwezi ule ule, Lubumbashi, kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, na Kolwezi iliyo juu zaidi, usiku baridi inashuka chini ya digrii 10. Binti anayekwenda kwenye ndoa ya mwezi wa saba na mabega wazi anarudi na kifua. Majira yetu yana mode yao. Wakati wa baridi na vumbi, rangi za udongo, nyekundu nzito na kahawia, zinasamehe barabara zetu. Dantele nyeupe haisamehe, ikifika kanisani imekuwa ya pinki. Asubuhi triko chini ya libaya, saa sita triko ndani ya mfuko. Mwezi wa kumi, joto likipanda, pamba inapumua, lakini vitambaa vya kung'aa vya nailoni vinakupika. Toka mwezi wa kumi na moja mvua zinakuja na matope; kikwembe cha kufagia chini kinafagia kweli. Kipandishe kidogo juu ya kifundo cha mguu. Ukikifua, tumia maji baridi, ukianike kivulini na upande wa ndani ukiangalia nje, kwa sababu jua letu linakula rangi.

Kuna majira mengine yasiyo ya jua wala ya mvua: majira ya uniforme. Ndoa ina kikwembe chake, matanga yana chake, kwaya ina chake, tarehe 8 mwezi wa tatu ina chake kila mwaka. Mama mmoja wa Kolwezi aliniambia kama mwaka mmoja alinunua vikwembe vitano vya watu wengine na hakununua hata kimoja chake. Alilipa kwa pesa ya likelemba, zamu yake ilipofika, na zile pesa alikuwa amezipangia kazi nyingine. Kukataa uniforme ni vigumu, watu watasema unadharau ndoa yao. Lakini wenye kuandaa sherehe wangeweza kuchagua kitambala cha kichwa tu kwa wote, kila mmoja na robe yake. Nimeona ndoa moja iliyofanya hivyo, na picha zake zilikuwa nzuri kuliko zile ambazo watu mia wanaonekana kama pazia moja.

Turudi Likasi. Saa tisa hivi binti alirudi pamoja na mama yake. Nilifikiri tutaona fujo. Mama aliketi, akakiweka kikwembe juu ya magoti yake, akakilainisha na kiganja.

"Hiki nilikipewa siku ya mahari yangu," akasema, akimwangalia mshonaji zaidi kuliko binti. "Vilikuwa sita. Tano nilibauzisha, juu tukule. Hiki nilikataa."

Binti hakuwa amejua. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, haukuniambiaka."

"Haukuniulizaka."

Mshonaji hakungoja maneno zaidi. Alipima kifua cha binti, akachora na chaki, akakata yadi mbili, hata nusu ya kiganja haikuzidi. Alimshonea libaya ya kubana kiunoni, na mikono yenye kujaa kidogo, kidogo tu, ili ile picha ya simu isisahauliwe kabisa. Ndani ya mishono aliacha vidole viwili vya kitambaa kila upande. "Hivi ni vya watoto wako," akamwambia. "Utanenepa." Yadi ine zilizobaki alizigawanya mara mbili, akazipinda ncha, basi.

Mwezi wa saba nilipita tena Likasi, asubuhi ya baridi kali, vumbi limesimama barabarani. Nilimwona binti yule penye kituo cha taksi. Alivaa pantalo ya jini na triko ya bluu, na juu ya mabega yake alijifunga kikwembe kile kimoja, buluu na manjano, mpaka kwenye masikio. Nilimuuliza kama mama yake anajua.

"Anajua," akasema. "Kile kingine njo ye anavala leo."