Yoga Kasulu? Studio Iko Wapi, Mwenzangu!

Ukiwa Dar es Salaam, kutafuta darasa la yoga ni suala la foleni na mfuko tu. Masaki wanafundisha, Oysterbay wanafundisha, Kituo cha Utamaduni cha Swami Vivekananda kilicho chini ya Ubalozi wa India nacho kinafundisha. Ukifika Nairobi ndiyo usiseme: Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007, imewachukua vijana wa mitaa ya kawaida kabisa ikawafanya walimu, na yoga ikawa ajira.

Haya, sasa kunja mkeka wako, panda basi, nenda Kasulu.

Sisi tulikwenda mwaka 2017, miaka miwili baada ya harusi. Shirika langu lilinipangia kambi ya Nyarugusu, makao yakawa Kasulu mjini. Mume wangu akapata kazi na shirika jingine kambi ya Nduta, ile iliyofunguliwa upya Oktoba 2015 Warundi walipokuwa wakikimbia kwao kwa maelfu, kwa hiyo yeye akapanga chumba Kibondo. Kati yetu kulikuwa na zaidi ya kilomita 100 za vumbi jekundu. Ndugu walitufariji, eti angalau mko mkoa mmoja. Mkoa mmoja kweli, lakini tulionana wikiendi, tena si kila wikiendi.

Mgongo ukaanza kusema

Kila asubuhi gari la kazini, kila jioni gari la kazini, na barabara ile ilikuwa na mashimo ya kukutoa meno. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nashuka kwenye gari kama bibi wa miaka 80. Dar nilikuwa nimeshahudhuria madarasa mwaka mzima, najua yoga inanisaidia, basi nikaanza kuulizia. Nikamuuliza mhudumu wa nyumba ya wageni. Nikamuuliza fundi aliyenishonea mapazia, maana mafundi wanajua kila kitu. Nikapelekwa kwenye chumba kimoja nyuma ya karakana, kina vyuma vya kunyanyua na vijana sita wamevua mashati. Wakanikaribisha vizuri sana. Nikashukuru, nikaondoka.

Usidhani watu wa kule hawana habari na afya. Tangu Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, serikali ilitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa ya mazoezi, na Kasulu nilikuta watumishi wakikimbia na trakisuti zao. Mchakamchaka tumeufanya wote shuleni, hauhitaji kufundishwa. Lakini mgongo wangu haukutaka mchakamchaka. Ulitaka kunyooshwa polepole, mahali ambapo hakuna mtu anayenitazama.

Hapo ndipo penye kazi. Mwanamke mgeni, peke yake, kavaa taiti, kainama uwanjani matako juu? Kesho soko zima linajua. Nikaamua uwani kwangu, nyuma ya nyumba, suruali pana na fulana ndefu, mkeka wa kawaida wa kununua sokoni. Mkeka wa kusuka unateleza, nakuambia mapema. Tandika kitenge kilicholowanishwa kidogo juu yake, utashika vizuri.

Na saa ya kufanya? Niliwasha kengele ya saa kumi na mbili asubuhi kama nilivyozoea Dar. Nikatoka nje nikakuta giza totoro na baridi ya milimani. Kumbe saa ni ileile lakini jua si lilelile: Kasulu iko magharibi mno, jua linachelewa kuchomoza kwa dakika kati ya 35 na 40 ukilinganisha na Dar. Faida yake unaipata jioni, maana hata saa kumi na mbili na nusu bado kuna mwanga mzuri. Nikahamishia jioni. Tumbo liwe tupu lakini. Ugali wa muhogo na migebuka vikishakaa humo ndani, hakuna kuinama, utajuta. Mimi nilikuwa nasubiri saa tatu baada ya kula.

Mama jirani, aliyekuwa anapita uwani kwangu akitoka shamba la maharage, alinikuta nimeinama mikono chini, miguu imenyooka. Akasimama na jembe lake begani.

"Mama, hapo unapalilia nini?"

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Lakini siku ya tatu aliweka jembe pembeni akaniuliza kama hiyo dawa inatibu na kiuno cha kulima. Nikamwonyesha kulala chali na kuvuta magoti kifuani, na ule mkao wa kupiga magoti ukalaza paji la uso chini kama mtoto mchanga. Akawa anakuja Jumanne na Alhamisi. Mwaka uleule wa 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani, American College of Physicians, kiliiweka yoga kwenye orodha ya mambo ya kujaribu kwa maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini kabla ya kukimbilia vidonge. Mama jirani hakungoja madaktari.

Na mzee je?

Mume wangu alikuwa na msimamo wake: yoga ni starehe ya akina dada wa Masaki. Mkwe wangu naye akapiga simu. "Mwanangu, hiyo si dini ya Wahindi?" Swali halali. Mizizi ya yoga iko kweli kwenye imani za India, na mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga inayochanganywa na ibada na nyimbo za Kihindu. Mimi nilichukua kunyoosha mwili na kupumua, nyimbo nikawaachia wenyewe. Nilimweleza mkwe hivyohivyo, akaridhika. Wewe ongea na dhamiri yako.

Tatizo letu halikuwa yoga, bwana. Kazi yake Nduta ilikuwa kupokea familia na kusikiliza zilivyofika. Alikuwa anakuja Ijumaa usiku kajaa vumbi, anakula, anatazama ukuta. Nikiuliza, "niko poa tu". Kuna Jumamosi nzima tuliongelea bei ya mkaa na maji ya kisimani, hakuna kingine. Nilianza kuogopa. Unajua kuna ndoa zinavunjika kwa matusi, na nyingine zinakauka kimya kimya, hata majirani hawasikii.

Kilichomleta kwenye mkeka si mapenzi, ni mgongo wake. Barabara ile haikubagua. Jumapili moja alishindwa kuvaa viatu, akasema haya, nionyeshe hicho kitu chako, lakini funga mlango wa uani.

Nikaanza na rahisi. Tukakaa migongo yetu imeegemeana, miguu tumekunja, tunavuta pumzi puani kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo yanatulia. Ukiwa umemwegemea mwenzio unazisikia mbavu zake zikipanda na kushuka, unajua kabisa ameshika pumzi wapi. Yeye alikuwa anaishika sana. Tukanyoosha mgongo, tukamaliza kwa kulala chali kimya, dakika kumi.

Dakika ya saba hivi akaanza kuongea, macho yake yako juu kwenye mabati. Aliniambia jambo alilokuwa amelibeba wiki tatu. Silisemi hapa, si langu. Sikugeuka kumtazama, nilimshika mkono tu. Nadhani kama tungekuwa tumekaa mezani tunatazamana, asingelisema.

Sikuambii kwamba yoga iliponya ndoa. Baadaye alikwenda kuonana na mshauri nasaha, na huyo ndiye aliyefanya kazi kubwa. Kama mwenzi wako analala na kuamka na mambo mazito, mkeka peke yake hautoshi. Na kama una presha au ni mjamzito, muulize daktari kwanza, hasa hiyo mikao ya kuning'iniza kichwa chini.

Wikiendi alizokuja Kasulu tulifanya uwani. Nilipokwenda mimi Kibondo, chumba chake kilikuwa kidogo hivi kwamba mmoja alinyoosha mikono huku mwingine kapanda kitandani. Mara mbili tulipanda kwa miguu Heru Juu, kule ambako Mwami Theresa Ntare aliwahi kutawala, tukanyoosha miguu kwenye nyasi huku watoto wanatuiga nyuma yetu, tena wanaweza kuliko sisi.

Tuliondoka mwaka 2019. Mkeka nilimwachia mama jirani, pamoja na kitenge chake. Jembe akaliegemeza ukutani, akaujaribu papo hapo.