Chumba kwa Chumba Baharini

Babu zetu waliosafiri kwa majahazi hawakuwa na haja ya kuulizana nani atalala wapi. Sitaha ilikuwa moja, mikeka ilitandikwa pamoja, na mtoto akilia usiku mama alinyosha mkono tu akamfikia. Leo mambo yamegeuka. Familia hupanda meli kubwa yenye maelfu ya abiria, wakagawanywa vyumbani, na baina ya mzazi na mwanawe kikawako kiambaza cha chuma. Basi ni wajibu wetu kulifikiri jambo hili kabla ya kutoa fedha, wala si baada ya meli kung'oa nanga.

Meli za matembezi zimekuwa karibu nasi kuliko zamani. Mwezi wa Desemba 2024 meli Aroya, mali ya kampuni ya Saudi Arabia, ilianza safari zake za matembezi kutoka bandari ya Jeddah, nayo haiuzi ulevi. Kwa hiyo Waislamu wengi, na miongoni mwao jamaa zetu wasemao Kiswahili walioko Omani na Ghuba, sasa waweza kulitazama jambo hili bila ya hofu waliyokuwa nayo hapo kwanza. Na chumba kipendwacho na wengi ni kile chenye roshani, ambapo mtu hufungua mlango wa kioo akaketi nje, bahari i mbele yake.

Tuseme basi kuwa nyumba moja ya Maskati yataka kusafiri. Wako sita: baba, mama, bibi mzee mzaa baba, binti wa miaka 12, mvulana wa miaka 10, na kitoto cha miaka 4. Chumba kimoja hakiwatoshi, hivyo watahitaji viwili vyenye roshani, tena vilivyo jirani. Je, wafanyeje?

Kwanza, wajue kuwa vyumba jirani si lazima viwe vyumba vyenye mlango baina yao. Vingi hukaa bega kwa bega, lakini ili kutoka kimoja kwenda cha pili sharti mtu apite ukumbini. Vichache tu vina mlango wa ndani, navyo huchukuliwa mapema. Mwenye kumwambia wakala, "Nataka vyumba vilivyo pamoja," hajasema kitu. Na aseme wazi: "Nataka vyumba viwili vyenye mlango wa ndani baina yao," kisha aitazame ramani ya sitaha kwa macho yake mwenyewe.

Pili, wasidanganywe na nambari. Katika meli nyingi nambari shufwa ziko ubavu mmoja wa meli na nambari witri ziko ubavu wa pili. Huenda basi jirani wa chumba 8102 akawa ni 8104, na 8103 kikawa ng'ambo ya pili ya meli. Wala si meli zote zifuatazo mpango huo, kwa hiyo ramani ndiyo hakimu.

Tatu, iko nauli rahisi ambayo mtu hununua aina ya chumba tu, na kampuni ndiyo imchagulie nambari baadaye. Kwa kijana asafiriye peke yake hiyo ni nafuu nzuri. Kwa familia ni hatari, kwani chumba cha kwanza chaweza kuwa karibu na omo na cha pili karibu na tezi. Afadhali kuongeza fedha kidogo na kupata nambari zilizoandikwa kabla ya kutoa arbuni. Tena kila chumba huwa na hati yake. Wakala aombwe aziunganishe hati hizo mbili, ili familia isitenganishwe hata mezani.

Nne, nauli ya chumba huhesabiwa kwa watu wawili. Wa tatu na wa nne hulala juu ya kochi lifunuliwalo au kitanda kishushwacho kutoka darini, na mara nyingi nauli yao huwa pungufu. Kwa hiyo watu sita wagawike watatu kwa watatu. Kampuni nyingi pia hutaka kila chumba kiandikishwe mtu mzima, na baadhi yao hutaka awe ametimiza miaka 21, au hata 25.

Hapa ndipo penye jambo kubwa la makala haya. Baba wengi, wakiviona vyumba viwili, husema kwa haraka: "Mimi na mke wangu tutakaa hiki, na bibi akae na watoto kile." Hesabu imetimia, na kampuni imeridhika. Lakini je, haki imetimia? Bibi mzee aliyechoka, ambaye yeye mwenyewe ahitaji mtu wa kumsikia akiita usiku, amefanywa mlinzi wa watoto watatu na wa mlango wa roshani pamoja. Huo si wema kwake, wala si amani kwa watoto.

Na roshani si mahali pa mchezo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 imeagiza kuwa kizuizi cha pembeni kisipungue inchi 42, yaani kama sentimita 107. Kitoto cha miaka 4 kina urefu wa kadiri ya mita moja, basi akisimama chini yu salama. Lakini kiti cha kawaida kina kimo cha kadiri ya sentimita 45. Mtoto akikivuta kiti hicho na kukipanda, kichwa na kifua chake vimekwisha kuwa juu ya kizuizi, na chini ni bahari. Jambo hilo halichukui hata dakika moja, na huweza kutokea alfajiri, wakati bibi yu katika sala yake.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: kila chumba kilale mzazi mmoja. Mama akae na bibi na binti. Baba akae na wavulana wawili. Hapo bibi anaye wa kumsikia, na kitoto kinaye wa kukiangalia. Tena agizo la Mtume (s.a.w.) kwamba watoto wafikapo miaka 10 watenganishwe katika malazi litatimizwa bila ya taabu, maadamu mhudumu ameombwa akigawe kitanda kikubwa kiwe viwili. Ikiwa mlango wa ndani haukupatikana, mpango huu wafaa vile vile. Mume na mke watatengana usiku wa siku chache tu, nao si bei kubwa.

Katika baadhi ya meli mhudumu aweza kukifungua kiambaza kilicho baina ya roshani mbili, ikawa moja ndefu. Ni starehe njema kwa chai ya jioni, lakini aulizwe wakala kwanza, maana viambaza vingine havifunguki. Na usiku milango ya kioo ifungwe kwa komeo, na viti viwekwe mbali na kizuizi. Mlango wa ndani nao una adabu yake. Kurani Tukufu, katika Sura Nuri, imewafundisha watoto kuomba ruhusa nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya Isha. Mlango ulio wazi baharini hauifuti adabu hiyo.

Wala roshani si ua wa nyumba. Mtu aliye sitaha ya juu huweza kuchungulia, na bandarini meli nyingine hukaa karibu. Binti zetu na wajue hivyo kabla ya kuondoa shungi. Na upande wa pili wa chumba chetu yuko jirani mwingine, ambaye si jamaa wala hatumjui. Mwenyezi Mungu ameamrisha, katika Sura Nisaa, wema kwa jirani aliye wa ukoo na kwa jirani aliye mgeni. Sauti zetu za furaha usiku wa manane, mbele yake ni udhia.

Siku ya kupanda, kabla ya kitu kingine chochote, wote sita waende katika zoezi la usalama, wajue kituo chao cha kukusanyikia. Kisha baba na wawashike mikono wavulana wake, awaonyeshe roshani, na awaambie kwa upole kuwa pale hawatoki bila ya mtu mzima.

Wazee wetu walilala mkeka mmoja, nasi twalala vyumba viwili. Lakini amana ni ile ile, na kiambaza cha chuma hakimwondolei mzazi dhima yake. Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa bara na wa bahari, na awarejeshe majumbani kwao wote pamoja. Amin.