Bahari iko mbali na Garissa? Muulize mkunga

Mguse kijana yeyote wa Garissa kuhusu habari za bahari, atakujibu haraka: hayo ni mambo ya watu wa Mombasa, Malindi na Lamu. Huku stori ni soko la mifugo, bei ya maziwa ya ngamia na jua lisilojua huruma. Na kwenye ramani hajakosea. Kaunti ya Garissa haina ufuo hata wa hatua moja.

Lakini ebu angalia chini siku utakapovuka daraja la Garissa kuelekea Madogo. Maji yale ya rangi ya chai ya maziwa hayaishii hapo. Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita mabwawa matano, hukatiza Balambala, hugusa mji wako, hupita Masalani na Garsen, kisha huingia Bahari ya Hindi pale Kipini. Safari yote ni kama kilomita 1,000. Na ndani ya maji hayo kuna msafiri ambaye huenda hujawahi kumsikia, ila anakuhusu.

Anaitwa mkunga. Si yule mkunga wa kuwazalisha akina mama, la. Huyu ni samaki mrefu kama nyoka, mwenye ngozi ya utelezi, anayejificha kwenye mashimo ya kingo za mto na kutoka usiku kuwinda.

Samaki mwenye makazi mawili

Mkunga wa mtoni huishi kinyume na samaki wengi unaowajua. Huzaliwa baharini, mbali kabisa. Watafiti wanaamini kwamba mikunga wa upande wetu huzaliana katika maji ya kina kirefu ya Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Kiluwiluwi chake hufanana na jani jembamba linaloonyesha upande wa pili, na husukumwa na mikondo ya bahari hadi karibu na pwani ya Afrika. Hapo hubadilika kuwa kijimkunga chembamba kama uzi, kinanusa maji matamu ya mto, kisha kinaanza kupanda.

Hupanda kweli kweli. Hupita mikoko ya delta, hupita mamba na viboko, hupita mitego, hupita chini ya daraja lenu. Huko juu huishi miaka mingi akila na kunenepa. Siku ikifika, mara nyingi mto ukiwa umejaa mvua, huteremka tena hadi baharini, huzaa mara moja tu na kufa.

Jambo la kushangaza ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwashuhudia mikunga hawa wakizaliana baharini. Hata wale wa Ulaya waliwatoa jasho wataalamu kwa karne nyingi. Mwanafalsafa Aristotle alidhani wanachipuka kutoka matopeni. Sigmund Freud, kabla hajawa yule Freud wa mambo ya akili, alipasua mamia ya mikunga mwaka wa 1876 akitafuta viungo vya uzazi vya dume.

Hapa kwetu, mwanabiolojia Mwingereza Winifred Frost alichapisha utafiti wake kuhusu mikunga wa mito ya Kenya katika miaka ya 1950. Wakati huo Tana haikuwa na bwawa hata moja kati ya hayo matano.

Shajara ndani ya sikio

Sasa unajiuliza: kama hakuna anayewaona, wanasayansi wanajuaje safari yao? Jibu limo ndani ya kichwa cha samaki mwenyewe.

Samaki wengi wana vijiwe vidogo ndani ya masikio, vinavyowasaidia kusikia na kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Kijiwe hicho hukua tabaka juu ya tabaka kadiri samaki anavyokua, kama pete ndani ya shina la mti. Ukikikata na kukisugua hadi kiwe chembamba, ukakiweka chini ya hadubini, unaweza kuhesabu umri wake.

Na si umri tu. Maji ya bahari yana madini ya strontiamu kwa wingi kuliko maji mengi ya mito, na kiasi fulani hubaki katika kila tabaka. Kwa kupima strontiamu ikilinganishwa na kalisiamu kutoka katikati ya kijiwe hadi ukingoni, mtafiti anasoma maisha yote ya samaki: hapa alikuwa baharini, hapa aliingia mtoni, hapa alirudi. Ni kama kupekua historia ya ramani kwenye simu ya mtu, tofauti ni kwamba huyu hana namna ya kuifuta.

Kamba wa Kipini wanakula tope la kwenu

Mkunga ni mfano mmoja tu. Ukiteremka hadi mwisho wa mto unakuta Ghuba ya Ungwana, inayopokea maji ya Tana upande wa kaskazini na ya Sabaki upande wa kusini. Hapa ndipo penye uvuvi mkubwa wa kamba nchini Kenya.

Kamba nao huishi kwa kuhama, ila wao hufupisha mambo. Mama hutaga baharini. Vitoto husogea hadi kwenye mikoko na mlango wa mto, ambako maji ni vuguvugu, yana tope na chakula tele, tena samaki wakubwa hawawaoni vizuri. Baada ya miezi michache hurudi baharini wakiwa wamekua. Kwa sababu maisha yao ni mafupi, mwaka mmoja wa mto mbovu huonekana upesi nyavuni.

Hilo tope wanalolitegemea linatoka wapi? Juu ya mto. Timu ya watafiti wa Kenya na Ubelgiji, akiwemo Fredrick Tamooh, ilipima mashapo na kaboni katika Tana ya chini, na vituo vyake viwili vilikuwa Garissa na Garsen. Kwa hivyo mtu akitaka kujua bahari inapata nini, huja kwanza kupima maji mjini kwenu. Mto ukifurika, sehemu ya tope hubaki nyandani na kurutubisha mashamba na malisho. Linalobaki husonga mbele hadi baharini.

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), iliyoanzishwa mwaka wa 1979 na yenye makao makuu Mombasa, imeichunguza ghuba hii kwa miaka mingi. Mwaka wa 2006 serikali ilisimamisha meli za kukokota nyavu katika ghuba hiyo. Wavuvi wadogo walikuwa wamelalamika kwamba meli hizo zinakata nyavu zao, zinazoa samaki wachanga na kuua kasa. Baadaye, kwa kutumia matokeo ya utafiti, uliandikwa mpango maalumu wa kusimamia uvuvi wa kamba kabla ya meli kuruhusiwa tena. Data ilisaidia kutuliza ugomvi ambao makelele peke yake yalishindwa kuutuliza.

Mabwawa yalibadilisha nini?

Turudi juu. Kati ya 1968 na 1988, Kenya ilijenga mabwawa matano kwenye Tana: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Yanatoa sehemu kubwa ya umeme wa nguvu za maji tunaotumia. Ukichaji simu usiku, kuna uwezekano umechajiwa na mto huu huu.

Mwaka wa 2002, watafiti John Maingi na Stuart Marsh walichapisha kazi iliyolinganisha rekodi za maji kabla na baada ya mabwawa. Rekodi hizo zilitoka wapi? Kituo cha kupimia maji cha Garissa. Waligundua kwamba kilele cha mafuriko ya mwezi wa Mei kilipungua, huku maji ya kiangazi yakiongezeka. Mto ulisawazishwa. Kwa mitambo ya umeme hiyo ni raha, ila kwa msitu wa kando ya mto unaosubiri mafuriko ili uchipue, na kwa samaki anayesubiri mto ujae ndipo ateremke, ni habari nyingine.

Yaliyotokea kwingine yanatufaa kama somo. Misri ilipolifunga Bwawa Kuu la Aswan katikati ya miaka ya 1960, uvuvi wa dagaa karibu na mlango wa mto Nile uliporomoka kutoka takriban tani 18,000 mwaka wa 1962 hadi tani mia chache mwishoni mwa muongo huo. Msumbiji nako, utafiti uliochapishwa mwaka wa 1992 ulionyesha kwamba kamba wa Sofala hupanda na kushuka pamoja na maji ya Zambezi, mto uliofungwa na bwawa la Cahora Bassa tangu 1974. Jirani zetu Tanzania walianza kujaza Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji Desemba 2022, na delta ya Rufiji ni maskani ya kamba vilevile.

Kenya nayo ina mpango wa bwawa jingine kubwa kwenye Tana, High Grand Falls, ambalo limezungumzwa kwa miaka mingi. Likijengwa, litakuwa juu ya Garissa. Yaani wewe uko katikati: bwawa juu yako, bahari chini yako.

Tusidanganyane kuhusu mafuriko

Najua unachowaza. "Wacha hizo! Unataka mafuriko yaje ili kamba washibe?" Swali la haki. Watu wa Garissa hawahitaji mtu wa kuwaeleza mafuriko ni nini. Novemba 2023 maji yalikata barabara ya Madogo na familia zikahamia kambini. Aprili 2024 boti iliyokuwa ikivusha watu katika mafuriko upande huo huo ilipinduka na watu wakapoteza maisha. Hakuna samaki anayestahili gharama hiyo.

Hata hivyo kuna jambo moja la kuzingatia. Mabwawa matano yalikuwepo, na mafuriko hayo bado yalitokea. Bwawa likijaa, halina budi kumwaga. Kwa hiyo chaguo letu si mafuriko au samaki. La kujadiliwa ni nani anaamua maji yaachiliwe lini, kiasi gani, na nani anaambiwa mapema. Maji yakiachiliwa kwa mpangilio, kwa kiwango kinachojulikana na msimu unaojulikana, mkulima wa kingoni anaweza kuhamisha pampu yake, mfugaji anaweza kuhamisha mifugo, na mto bado ukapeleka tope na maji matamu Kipini.

Sheria tayari ina neno kuhusu hili. Sheria ya Maji ya 2016 inataja akiba: kiasi cha maji ambacho lazima kibaki mtoni kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mazingira yenyewe. Akiba hiyo si zawadi. Mto ukidhoofika, bahari huingia ndani. Wakulima wa Ozi na Kipini wameona maji ya chumvi yakipanda hadi kwenye mashamba yao ya mpunga na maembe.

Wewe unaingilia wapi?

Kwanza, kazi zipo. Sayansi ya uvuvi na bahari inafundishwa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Eldoret, miongoni mwa vingine. KMFRI ina meli yake ya utafiti, RV Mtafiti, iliyotoka Ubelgiji, na ina kituo Sagana, kwenye vyanzo vya Tana. Mto mmoja, watafiti juu na watafiti chini. Katikati ndiko kunakohitaji watu wanaoijua ardhi na lugha za huku: Kisomali, Kimunyoyaya, Kimalakote, Kipokomo. Mtoto wa mfugaji anayejua kusoma mvua na malisho ameshaanza nusu ya kozi.

Pili, wazee wa kingo za mto ni maktaba. Waulize mikunga walikuwa wakubwa kiasi gani zamani, walionekana mwezi gani, walipungua lini. Andika, rekodi kwa simu, weka tarehe na mahali. Mvuvi akipata mkunga, piga picha kando ya kitu kinachojulikana urefu. Data ya namna hiyo watafiti huitafuta kwa tochi.

Tatu, chupa unayoirusha kwenye laga kiangazi, mvua ya kwanza itaiteremsha Tana, na Tana haijui kutupa kitu pengine ila baharini.

Na mkutano wa kutoa maoni kuhusu bwawa, kilimo cha umwagiliaji au mradi wowote wa mto ukiitishwa kwenye ukumbi wa kaunti, usiwaachie wazee na wanasiasa viti vyote. Nenda, inua mkono, uliza swali moja: maji kiasi gani yataachwa yafike Kipini, katika miezi ipi, na nani atatuambia kabla hayajapita hapa? Wakikosa jibu, waombe waandike kwamba swali limeulizwa na kijana wa Garissa.