Meza ya zamani ya koperative isitupwe: vipande vya karo vinaweza kuirudishia kazi

Kila mwaka, mbele musimu A uanze mu mwezi wa tisa, tunapokea barua za koperative zenye kuomba vitu. Mbegu, pompe za kupulizia dawa, mizani, na karibu kila mara: meza. Meza za kupimia mavuno, meza za wamama wanaouza ku soko, viti virefu vya hangari ya mikutano. Kisha ukienda kutembelea koperative yenyewe, nyuma ya depo unakuta meza mbili ao tatu zimelala miguu juu, mvua inazinyeshea. Mbao za juu zimeoza. Miguu ingali mizima.

Sasa, kwa nini koperative itoe feza ya meza mupya, ao ikae kungojea mufadhili, wakati nusu ya meza iko nayo tayari? Feza ile ingelipa mbegu ya maharagi. Musifikiri tunasema hivi juu ya kukimbia barua zenu. Tunasema juu meza mupya ya mbao nayo itaoza ku sehemu ileile, na kisha miaka michache mutatuandikia tena.

Meza inayokaa inje inakufa kuanzia juu. Miguu inakauka haraka kisha mvua, lakini mbao za juu zinalala, maji yanasimama katikati ya ubao na ubao, jua linapasua, mvua inaingia mu ile mipasuko. Kama ni mbao za mukaratusi ao grevilea zilizokatwa zingali mbichi, kama vile tunazoea kufanya huku Kivu, zinajikunja mbele hata ya kuoza. Na kwa mama anayeuza sambaza, kuna shida ingine: ubao unakunywa maji ya samaki. Unaweza kuusugua na sabuni asubuhi na magaribi, harufu inabaki, na nzi wanajua njia.

Dawa moja ya bei nafuu iko inatupwa kila siku mu miji yetu. Angalieni shantie za Bukavu na Goma: fundi akimaliza kuweka karo mu nyumba, anaacha lundo la vipande. Zingine zilivunjika mu njia, zingine alizikata ku pembe. Vipande vile vikipangwa juu ya simenti vinafanya uso mugumu, usiokunywa maji, tena unaopendeza macho. Si mambo ya wamaskini tu. Mu muji wa Barcelona, kule Hispania, kuna kiti kirefu sana chenye kujipinda kama nyoka mu Park Güell, kilijengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kimefunikwa na vipande vya karo zilizovunjika. Kiko inje, mvua na jua, na watu wangali wanakikalia.

Mbele ya yote, pindua meza. Chukua kisu, chomeka ku miguu, zaidi sana chini na pale miguu inashikana na kiunzi. Kisu kikiingia kama mu viazi, ao ukiona njia za muchwa, meza ile ni kuni, usipoteze simenti. Kisha fikiria uzito. Kwa meza ya metre 1,20 kwa 0,60, simenti ya sentimetre moja pamoja na karo zitaongeza karibu kilo 25 mupaka 30. Hiyo ni sawa na mufuko wa viazi uliokaa juu ya meza milele. Kwa hiyo pigilia kwanza mbao za kukingama katikati ya miguu, meza isicheze hata kidogo. Meza inayotingishika inapasua karo mu juma moja.

Hapa njo wengi wanaharibikiwa: wanatandika simenti moja kwa moja juu ya mbao. Ubao ukipata maji unavimba, jua likiwaka unarudi kuwa mwembamba. Simenti haifanye vile. Moja anatembea, mwingine anakataa, na karo zinaruka. Inaombwa kuwatenganisha. Ondoa mbao zilizooza, weka zingine za zamani ambazo ni kavu, acha nafasi ndogo katikati yao. Tandika kipande cha shitingi juu yote. Kisha juu ya shitingi tandika waya wenye matundu, ule wa kufungia kuku, na uushike na misumari michache ya kukunja. Waya njo itashika simenti, na shitingi itaiacha simenti itulie wakati mbao zinajinyoosha chini. Pigilia lati ku pembe zote ine, zipite juu ya waya kwa sentimetre mbili, zizuie simenti isimwangike.

Muchanga uwe safi, usiwe na udongo. Sehemu moja ya simenti kwa sehemu tatu za muchanga, maji kidogo kidogo, mupaka ukikamata mu mukono inashikana bila kuchuruzika. Mufuko moja wa kilo 50 unaweza kutosha meza nane ao kumi za ukubwa ule, njo maana ni vizuri koperative ifanye kazi siku moja kwa meza zote. Mufuko uliofunguliwa mu depo yenye unyevu haungoje mutu. Upande moja wa meza uwe chini kuliko mwingine kwa sentimetre moja hivi, maji yapate njia ya kutoka.

Karo zivunjwe ndani ya mufuko wa zamani, mufuko ufungwe, kisha nyundo. Karo inaruka kama kioo, na jicho halina speri. Watoto wakae mbali, hata kama wanapenda kazi hii kuliko wakubwa. Tia tone la maji ku mugongo wa karo: likinywewa haraka, loweka vipande dakika chache mbele ya kuvipanga, sivyo vitanyonya maji ya simenti na havitashika. Likibaki juu, usiloweke. Paka tu uji wa simenti ku mugongo. Pangeni kwanza vipande chini, mukavu, muone sura yake, kisha muvihamishe juu ya simenti ingali mbichi na muvigonge polepole na kipande cha ubao, vikae sawa. Pembe kali zisuguliwe ku jiwe. Goma mawe ya volkano yanaifanya vizuri sana.

Kwa meza ya samaki ao ya fromaje, chagua vipande vikubwa na njia nyembamba katikati yavyo, juu uchafu unajificha mu njia, si ku karo. Maua na nyota muweke ku viti vya mikutano. Nimeona wamama wa koperative moja wakibishana nusu saa juu ya rangi ya nyota, na nikawaacha wabishane. Kiti kile hakuna mutu atakitupa nyuma ya depo.

Siku inayofuata jaza njia na simenti na muchanga mwembamba, sawa kwa sawa. Ikianza kukaza, pangusa na kitambaa chenye majimaji. Usingoje kesho yake, utasugua mupaka mikono ichubuke. Simenti mbichi inaunguza ngozi, kwa hiyo vaa glove ao nawa mara kwa mara.

Kisha funika na mifuko iliyoloana ao majani ya migomba kwa siku saba, ukimwangia maji asubuhi na mangaribi. Simenti haikauke tu, inakomaa, na inahitaji maji ya kukomalia. Mizani na mifuko ya mavuno ingoje mwezi.

Onyo moja kwa koperative za kahawa: musifanye hivi ku meza za kukaushia. Kahawa ya parche inataka hewa ipite chini, kwa hiyo waya peke yake njo inafaa pale. Ku karo itatokwa jasho na kupata kuvu, na bei itaanguka. Na meza ya kukatia nyama kwa panga nayo hapana, itapasuka siku ya kwanza.

Kwa kupata vipande, usiende shantie wakati nyumba imeisha. Fundi amekwisha kuvitupa. Muone anapoanza, umuachie mifuko miwili, umuambie urudi siku gani. Na kazi yenyewe ifanyike mu jua la mwezi wa sita mupaka wa nane, wakati mashamba yanapumzika, ila mukumbuke kumwangia maji zaidi juu wakati ule simenti inakauka mbele ya kukomaa.